Mji Uliofungwa Koo

1

Jeneza la Bi Gaudensia lilikuwa limekwisha kuinuliwa mabegani, na waimbaji wameshika ubeti wa pili, Mwalimu Desderi Mgongolwa alipojilaza chali mlangoni na kukunja mikono kifuani kama mtu aliyefika kwake.

Hakuna aliyeshtuka. Wachukuzi walisimama, wakabadilishana mabega, wakangoja. Marehemu alikuwa Mngoni na Mwalimu Desderi alikuwa Mhehe, na makabila hayo mawili ni watani tangu babu zao walipochoka kuuana. Vita vyao viliisha bila mshindi anayekubaliwa na pande zote mbili, na mikuki ilipowekwa chini yakabaki maneno. Mhehe ana haki ya kumtukana Mngoni katika msiba wake, kumwigiza marehemu, kuzuia maziko, hata kulala kaburini akipenda. Na Mngoni hana haki ya kukasirika. Siku Mhehe atakapofiwa, zamu hugeuka.

“Hatoki mtu hapa,” alisema Mwalimu Desderi huku akiitazama dari. “Huyu mama amekufa makusudi. Aliniahidi togwa Jumapili, akaona uvivu kuipika, akaamua kufa. Ndivyo walivyo hawa. Hata babu zao, vita vilipokuwa vigumu, walisingizia homa.”

Kicheko cha chini chini kilipita uani. Vestina Gama, binti pekee wa marehemu, aliyekuwa ameishika pembe ya jeneza tangu chumbani, alihisi kitu kikimlegea kifuani kwa mara ya kwanza tangu mama yake akate roho. Alimwona mjomba wake, Kornelio Haule, kaka wa marehemu, akisafisha koo tayari kwa kujibu.

“Na wewe Kornelio usinikazie macho,” mtani aliendelea. “Tazama mnavyolibeba jeneza, mbio mbio na huku mkigeuka nyuma, kama ng'ombe wa wizi. Hamjazoea kubeba kitu chenu wenyewe, ninyi mme—”

Sauti ilikatika hapo. Midomo ya mzee iliendelea kucheza, lakini hakikutoka kitu. Mjomba Kornelio alifungua kinywa ili ajibu, akakifunga, akajishika shingo. Mmoja baada ya mwingine, wale waliokuwa wakijiandaa kucheka kwa nguvu waligundua kwamba pumzi inapita kooni mwao kama upepo katika bomba tupu. Wimbo nao ukafa. Uani palibaki mlio wa kuku waliokuwa wakiparura nyuma ya jiko.

Vijana wawili wenye mashati ya kijivu waliingia kwa adabu, wakavua kofia mbele ya jeneza, wakamwinua Mwalimu Desderi na hata kumpangusa vumbi mgongoni. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alimsogelea Vestina na kumweleza kwa sauti ya chini kwamba anampa pole sana, ila mzee huyu amevuka kikomo mara tatu sasa, na sheria mpya imeanza kutumika. Hukumu ni kufungwa koo kwa maisha. Itatekelezwa baada ya mapumziko ya mwisho wa juma.

“Nisamehe, Mhandisi,” aliongeza. “Wewe unalijua hili kuliko sisi.”

Walipoondoka naye, wachukuzi walimtazama Mjomba Kornelio. Mzee huyo, asiye na sauti, alinyoosha kidole kuelekea ndani. Mtani alikuwa ameondolewa kabla hajaifungua njia kwa hiari yake, na marehemu asiyefunguliwa njia na mtani wake hazikwi. Jeneza likarudishwa chumbani.

2

Mashine iliyomnyamazisha Mwalimu Desderi ilikuwa kazi ya mikono ya Vestina mwenyewe.

Mji wa Ihanga ulijengwa katika nyanda za juu, nusu yake mlimani na nusu bondeni, ukiwa na chemchemi moja tu ya maji. Mwaka ule wa ukame, watu wa Mlimani walifunga bomba kuu. Watu wa Bondeni wakapanda na mapanga. Na kabla mwezi haujaandama mara mbili makaburi yalikuwa mengi kuliko wachimbaji. Festo, kijana wa Bondeni, mtoto wa Mjomba Kornelio, aliyelelewa na Bi Gaudensia pamoja na Vestina kama ndugu wa tumbo moja, alifia kwenye nyumba ya pampu. Vestina aliuosha mwili wake. Alipomaliza alinawa mikono, akaingia katika maabara ya chuo, na kwa miaka miwili hakutoka ila kwa kula na kulala.

Alichokitoa humo alikiita Mtulizi. Kila mkazi wa Ihanga alipandikizwa nyuma ya sikio kidude kidogo kama mbegu ya mtama, nacho watu wakakiita punje. Punje ilisikiliza mambo matatu: maneno, mpando wa sauti, na mwendo wa damu. Iliyapeleka kwa Mtulizi, naye akayalinganisha na hazina ya sauti aliyofundishwa. Yakifanana na sauti za amani, aliyaacha yapite. Yakifanana na sauti za shari, alituma mkondo hafifu kwenye mishipa ya koo, na sauti ya mtu huyo ikazimika kama taa, bila maumivu, hadi hasira itulie.

Na ilifanya kazi. Hilo halikuweza kubishwa na mtu yeyote mwenye haki. Tangu Mtulizi awashwe, hakuna aliyeuawa Ihanga kwa mkono wa mwenzake, wala mke aliyepigwa akapelekwa hospitali. Wageni walikuja kutoka mbali kuuona mji ambao mlevi na askari walipishana kwa heshima.

Lakini jioni ile, akiwa ameketi peke yake katika chumba cha mitambo na vazi lake la msiba, Vestina aliifungua hazina ya sauti kwa nia ya kutafuta kosa, na kosa alilolipata halikuwa katika hesabu. Sauti za amani alizikusanya makanisani na misikitini, madarasani, zahanatini, mikutanoni. Sauti za shari alizitoa katika kumbukumbu za ghasia na za mahakama. Msibani hakupeleka kinasa sauti hata mara moja. Aliwakataza wasaidizi wake kabisa, akawaambia kwamba mtu mwenye malezi haweki kinasa sauti mbele ya wafiwa. Ilikuwa adabu, mama yake mwenyewe angemsifu kwa hilo. Na kwa sababu ya adabu hiyo, kila tusi ambalo Mtulizi alipata kulisikia lilitoka kinywani mwa mtu aliyeshika jiwe. Hakujua kwamba kuna tusi jingine.

3

Nyumba ya Utulivu, walikowekwa waliovuka kikomo, ilikuwa na bustani nzuri. Asubuhi yake Vestina alimkuta Mwalimu Desderi ameketi kwenye benchi chini ya mpera, sauti imemrudia, akiwafundisha walinzi wake jinsi ya kubebesha miche. Alipomwona aliinuka, akampa pole ya msiba upya, kwa utaratibu wote, kana kwamba ya jana ilikatizwa na mvua.

Vestina hakuzunguka. Alimuuliza kwa nini alikwenda mlangoni akijua kwamba ameshaonywa mara mbili.

“Ulitaka niende nikalie tu?” mzee aliuliza. “Mama yako alimzika mke wangu, kabla ya punje zako. Alivaa koti langu na kofia yangu, akapita mbele ya waombolezaji akitembea kama mimi, na lile goti langu bovu, akisema yeye ndiye mgane na anatafuta mke mwingine mwenye meno. Nilikuwa sijala siku kadhaa. Nilicheka mpaka nikaomba uji. Sasa yeye amekufa, nimlipe kwa kunyamaza?”

“Ungeniambia mapema, Mwalimu. Ningekuombea ruhusa.”

“Ruhusa ya nini?”

“Ya utani.”

Mzee alimtazama kwa huruma ambayo Vestina aliikumbuka tangu darasa la nne, alipokuwa akikosea hesabu za sehemu.

“Vestina, sikiliza. Nikikuambia babu yako alikuwa mwizi wa ng'ombe, mimi na wewe tunajua kwamba neno hilo lilitosha kumwaga damu. Liliwahi kuimwaga. Wewe unaweza kukasirika. Una kila sababu. Halafu unaamua kucheka. Pale unapoamua, ndipo vita vinapokwisha, na vinakwisha kila mara upya. Ukiniletea karatasi ya ruhusa, ameamua nani? Karatasi.”

Vestina alisema kwamba watu walikufa. Alisema jina la Festo. Alisema kwamba siku zile za ghasia hakukuwa na mashine, utani ulikuwepo, na haukumwokoa mtu.

Hapo Mwalimu Desderi aliinamia mche. Aliufunga kwa utepe.

“Kweli,” alisema. “Haukumwokoa. Ilipofungwa bomba, sisi watani tulikuwa wapi? Tulijifungia ndani, mimi nikiwa wa kwanza. Dawa ambayo haikunywewa usiilaumu.” Kisha, kwa sauti nyepesi, akamwambia asihuzunike sana juu ya koo lake, maana Wangoni hawana masikio, na miaka arobaini amekuwa akipoteza pumzi bure.

Vestina alicheka bila kukusudia. Kisha akaogopa, akagusa punje nyuma ya sikio lake, kuona kama imetetema.

4

Mwenyekiti wa Baraza la mji, Lukas Mdegela, alimpokea akiwa amesimama. Mkono wake wa kulia haukukunjika. Ulikatwa mshipa siku ya kwanza ya ghasia, alipojaribu kuwatenganisha vijana kwenye daraja. Alikuwa mtu wa haki, asiyelala kama kuna mgonjwa mjini, na Vestina hakupata kumdharau hata siku moja. Ndiyo maana mazungumzo yao yalikuwa magumu.

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho. Alikubali kwamba kumfunga koo Mwalimu Desderi ni aibu. Kisha akaeleza njia ambayo, kwa maoni yake, ingewaponya wote. Mzee aletwe kwenye maziko kesho, chini ya kibali maalumu. Vinasa sauti viwekwe. Aseme utani wake, Wangoni wajibu, na Vestina amfundishe Mtulizi kutambua kwamba hayo ni mapenzi. Baada ya hapo watani wote waandikishwe, kila mmoja na watu anaoruhusiwa kuwatania na mambo anayoruhusiwa kuyagusa.

“Utamwokoa mzee, utamzika mama yako kwa heshima, na hakuna atakayekufa,” alisema. “Niambie kasoro iko wapi, Mhandisi, nami nitairekebisha.”

Vestina alijua kwamba jambo hilo linawezekana. Kazi ya juma moja, labda pungufu. Alijiona tayari akipanga sauti katika makundi: kicheko cha kweli huku, kicheko cha kujilazimisha kule. Na alipofika hapo akili yake ilisita. Mtulizi angekuwa mwamuzi wa nani ni mtani wa nani. Angepima katika kila nyumba tusi lipi ni upendo na lipi ni chuki, na wenye nyumba wangengoja uamuzi wake ndipo wacheke. Jana alikuwa mlinzi wa mlango. Kesho angekuwa mzee wa ukoo, na asingekufa kamwe.

Kwa upande wa pili wa mizani alimwona Festo juu ya mkeka, kinywa kimekauka na midomo imepasuka.

“Mwache Mwalimu aletwe,” alijibu.

Mwenyekiti alidhani amekubali yote, akamshukuru. Vestina hakumrekebisha. Alirudi chumba cha mitambo, akachukua kidhibiti cha mkononi, kile ambacho mhandisi mkuu pekee alikuwa nacho kwa ajili ya matengenezo, akakifunga katika pindo la kanga.

5

Watu walikuwa wengi kuliko siku ya kwanza, kwa kuwa habari zilikwisha enea. Walijaa uani na kwenye njia iendayo kwenye makaburi ya ukoo nyuma ya nyumba, ambako shimo lilikuwa wazi na sepetu zimechomekwa katika kifusi cha udongo. Mwenyekiti alisimama na katibu wake kando ya kinasa sauti. Mwalimu Desderi aliletwa, akakabidhiwa maelekezo. Alikuwa huru kutaja mapishi ya marehemu na mwendo wake. Vita, ng'ombe na mababu viachwe.

Jeneza liliinuliwa. Mzee alijilaza mlangoni mahali pale pale.

“Hatoki mtu,” alianza. “Marehemu… mapishi ya marehemu yalikuwa na chumvi kidogo.”

Watu walisubiri. Mama mmoja alitabasamu kwa kumsaidia.

“Na alitembea polepole,” alisema mzee. Alinyamaza. Safari hii koo lake lilikuwa wazi kabisa, na alinyamaza mwenyewe. Aligeuza kichwa pale sakafuni, akamtafuta Vestina kwa macho. “Siwezi, mwanangu. Hii si njia ya kumuaga mama yako. Wafunge tu koo lenyewe, halina kazi.”

Vestina alifungua pindo la kanga. Hakutoa hotuba. Alikiinua kidhibiti kinywani, akataja jina lake na neno la matengenezo, na nyuma ya masikio ya watu wote wa Ihanga kitu ambacho walikuwa wamesahau kwamba wanakisikia kikaacha kuvuma.

“Mtulizi amezimwa,” aliwaambia waombolezaji. “Mji mzima. Mwalimu, mama anasubiri.”

Mwenyekiti alipiga hatua moja, akasimama. Watu walijishika shingo kama waliovuliwa nguo hadharani.

Mzee alirudi kuitazama dari. Kisha akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine.

“Mnaona?” alisema. “Mngoni mpaka azimiwe umeme ndipo awe na akili.”

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa Mjomba Kornelio, kikali kama kikohozi, na baada yake kilipasuka kicheko cha ua mzima. Mwalimu Desderi hakuwapa nafasi ya kupumua. Aliinuka, akamvua mjomba kofia na kuivaa, akapita akichungulia chini ya jeneza kama mtu anayetafuta alama kwenye ng'ombe aliyeibiwa. Akadai kwamba huyu si Gaudensia, Gaudensia alikuwa mnene, hawa wamemla nusu kwa njaa yao. Shangazi mmoja alimjibu kwamba Mhehe anajua nini kuhusu unene, kwao hata panya wanahama. Mwingine akamwuliza kama goti lile alilivunja vitani au alilivunja akikimbia kutoka vitani. Watu walikuwa wakilia na kucheka kwa pamoja, machozi yaleyale yakifanya kazi mbili, na Vestina, akiwa ameegemea jeneza, alimlilia mama yake kwa sauti kubwa, bila kujizuia, kama alivyokuwa hajaweza kumlilia tangu afe.

Mwishowe mzee alishika ukingo wa jeneza. “Haya, nendeni naye,” alisema taratibu. “Alikuwa mtu. Mungu anaijua njia. Ninyi msije mkaipoteza.” Akasogea kando, na njia ikawa wazi.

Walifika kaburini wakiimba. Na ilikuwa pale, jeneza likiwa limekwisha teremshwa, ambapo jambo aliloliogopa Vestina lilikuja.

Mjomba Kornelio alikuwa ameshika sepetu. Macho yake yalivuka shimo, yakapita vichwa vya watu, yakatua juu ya mtu mrefu aliyesimama nyuma karibu na ua wa minyaa: Rogati Lunyali, aliyekuwa msimamizi wa pampu ya Mlimani siku ya ghasia. Ilijulikana na wote kwamba mwili wa Festo ulikutwa mikononi mwake.

“Rogati.” Sauti ya mjomba haikuwa ya utani. “Nimekuuliza neno moja miaka yote hii. Kila nikianza, koo linafungwa. Leo utanijibu.”

Watu walimpisha njia bila kutaka. Alikuwa anatembea, na sepetu ilikuwa imepanda begani. Rogati hakukimbia. Vijana wa Mlimani waliokuja naye waliinama, na walipoinuka baadhi yao walikuwa na mawe.

“Washa, Mhandisi,” alisema Mwenyekiti karibu na sikio lake. Hakuwa akiamuru, alikuwa akimsihi. “Kwa ajili ya Mungu, Vestina. Uliona yaliyotokea. Washa.”

Kidole cha Vestina kilikuwa tayari juu ya kidhibiti. Neno moja, na mjomba angenyamaza, na Rogati angenyamaza, na mawe yangerudi chini. Na mwaka kesho, kwenye maziko mengine, Mjomba Kornelio angefungua kinywa tena na kukifunga. Ghafla aliiona miaka yote ya amani yake jinsi ilivyokuwa: mzee akiuliza swali lilelile mbele ya mtu yuleyule, na yeye, Vestina, akimziba mdomo kila mara.

Alimpa Mwenyekiti kidhibiti ashike, akaruka kifusi, akasimama kati ya wale wawili. Kifua cha mjomba kilimgonga begani. Hakumsukuma. Alimshika mkono wenye sepetu kwa mikono yake yote miwili, akabaki hapo, naye mjomba akasema maneno yake juu ya kichwa chake.

“Mwanangu alisema nini? Ulikuwa naye. Alisema nini kabla hajafa?”

Rogati alifungua kinywa mara mbili. Mtu aliyezoea kufungwa koo huchelewa kuamini kwamba liko wazi.

“Aliomba maji,” alisema. “Nilimbeba kutoka barabarani nikampeleka ndani, nikafungua bomba nimnyweshe. Halikutoa kitu. Nilikuwa nimelifunga mwenyewe, na ufunguo wa koki nilishampa mkubwa wangu. Nilikuwa msimamizi wa maji ya mji mzima, Mzee Kornelio, na sikuwa na kikombe kimoja cha maji. Alikufa akiniita baba, alidhani ni wewe. Nimekuja kwako mara nyingi kukuambia. Ukiniona tu unapandisha hasira, na wote wawili tunazimwa.”

Sepetu ilikuwa nzito mikononi mwa Vestina. Alitambua kwamba ni yeye tu aliyebaki ameishika. Mjomba Kornelio alikuwa ameketi juu ya udongo, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto, na mlio uliomtoka haukufanana na sauti yoyote ambayo Mtulizi alipata kuihifadhi. Wanawake wa Bondeni walimzunguka. Mama mmoja wa Mlimani alikwenda kwa vijana wake, mmoja mmoja, akawafungua vidole na kuyatoa mawe, akiwauliza wamelelewa na nani.

Mwalimu Desderi aliwaacha walie vya kutosha. Kisha akachechemea mpaka pale kwenye kifusi.

“Kornelio,” alisema kwa upole mkubwa, “umekalia udongo wa watu. Dada yako tumfukie na nini?”

Mjomba aliinua uso uliolowa. Ilionekana kwa wote kwamba alikuwa na uwezo wa kufanya lolote.

“Tutamfukia na wewe,” alijibu, kwa sauti iliyokwaruza, “ila nachelea utamchosha kwa maneno.”

Akanyoosha mkono, na aliyeushika kumwinua alikuwa Rogati. Walichukua sepetu moja kila mmoja. Udongo ulianza kuanguka.

6

Kaburi lilipokwisha na mashada kuwekwa, Mwenyekiti Mdegela alimrudishia Vestina kidhibiti. Hakuwa amekitumia. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini hakuwa na hasira.

“Leo ilikuwa msiba,” alisema. “Kulikuwa na mtani, kulikuwa na marehemu anayeheshimiwa. Kesho watagombana barabarani, walevi, bila mwalimu wala mjomba. Wakipigana kesho, Mhandisi, utafanya nini?”

Vestina alifikiri. Hakutaka kumpa mtu mwema jibu la kijeuri.

“Tutawaamua,” alisema. “Wewe uliwahi kwenda darajani, Mwenyekiti, na ulikwenda peke yako, hilo ndilo lilikuwa kosa. Safari ijayo tutakwenda wengi.”

Kisha akamwagiza Mtulizi asahau. Lilikuwa agizo fupi kuliko yote aliyopata kuyatoa: hazina ya amani, futa, hazina ya shari, futa. Mashine iliuliza mara moja kama ana hakika, naye akajibu kwamba ana hakika. Mwenyekiti alitazama taa ndogo ikigeuka rangi na kuzimika, akavuta pumzi ndefu, akakunja shati kwenye mkono wa kushoto, ule uliokuwa mzima.

Habari kwamba koo liko wazi ilikuwa imefika majumbani, na mji ulianza kusikika. Ilitokea kwanza Mlimani sauti ya mwanamume akimlaumu nduguye juu ya mpaka wa shamba. Ikajibiwa na Bondeni, mlango ukibamizwa, mtu akilia, mtu akiimba kwa sauti mbaya. Miaka ya maneno yaliyokatizwa ilikuwa inashuka na kupanda barabara zote kwa wakati mmoja, na ilikuwa kelele ya kutisha, na Vestina aliona furaha ikimjaa.

Chini ya tangi la maji, hatua chache kutoka makaburini, wanawake wawili walikuwa wameshikana ndoo moja, kila mmoja akimwita mwenzake jina ambalo Ihanga haikulisikia tangu ghasia. Mmoja alikuwa ameanza kuinua kata.

Vestina alivua viatu vya msiba, akakaza kanga kiunoni, na akiwa na Mwenyekiti ubavuni mwake akateremka mbio kwenda kuwaamua.